Kamera Isiyovuta

Mama alitaka ile inayovuta. Naliweka hilo mbele kabisa, maana mpaka leo nikikatiza hapa Utende, kisiwani Mafia, hakosi mtu wa kunikumbusha kwamba nilimbishia mama yangu mzazi, mgonjwa wa macho, tena simu ikiwa hewani, tena majirani wakisikia. Nilimbishia, ndiyo. Nina mdomo, sikatai. Lakini wanaosema wengi wao hawakuwamo chumbani siku yenyewe.

Nyumbani tulikuwa tumebaki watatu: mama, mdogo wangu wa mwisho, na mimi niliyeolewa Kilindoni, nikaachika, nikarudi na sanduku langu. Ndugu yetu wa kiume, anayenifuata mimi, yuko Dar es Salaam na shughuli zake. Nilirudi wakati macho ya mama yameshaanza kumtupa. Kwanza akawa anajikwaa kwenye ndoo, tukamcheka. Halafu akawa anamimina chai nje ya kikombe, hatukucheka tena. Daktari aliyemwona alisema ni presha ya macho, na kwamba kilichokwenda kimekwenda. Dawa ni za kulinda kilichobaki. Na kilichobaki ni hivi: kitu ukimsogezea karibu na pua, penye mwanga mzuri, anakiona, kipande kwa kipande. Zaidi ya hapo ni ukungu, na mtu akiingia humjua kwa hatua na sauti.

Basi mdogo wangu akaposwa. Mchumba wake kazi yake iko Mtwara, kwa hiyo harusi ikiisha tu wangeondoka. Nyumba ikajaa furaha, na mama akaanza kukosa usingizi. Kwetu, upande wa kina mama yangu, mama mzazi haingii chumba cha bibi harusi siku ya kupambwa. Ni haya. Tangu asubuhi mtoto yuko mikononi mwa somo wake, yule mwanamke aliyemfunda alipovunja ungo, na mama anakaa uani na wageni wa jikoni mpaka mtoto atolewe kwenda kwa mumewe, amefunikwa gubigubi. Akina mama wengine huchungulia kwa mbali, wakajifuta machozi, wakatosheka. Mama yangu angechungulia nini?

"Nipigie picha moja tu," aliniambia. "Moja, yenye uso. Nimwone mwanangu alivyopambwa, kabla haya macho hayajafunga duka."

Aliniambia mimi kwa sababu kupiga picha ndiyo kazi yangu. Shughuli za wanawake hapa kwetu hapigi mwanamume. Watu wamevua mabaibui, nywele nje, mabega nje, wanacheza. Atakayeingia na kamera lazima awe mwenzao, na picha zisimtoke mkononi. Nilikuwa napiga kwa simu, nayo ilikuwa na ufa kwenye kioo cha kamera, kila bibi harusi wangu anatoka na doa begani. Nilikuwa najiwekea akiba ninunue kamera ya kweli, na harusi ya mdogo wangu ndiyo iliyonisukuma.

Hapo jirani yetu mmoja, anayewapeleka wageni kuogelea na papa potwe, akaniazima kamera yake nijaribu. Ndogo, inaingia mkobani, lakini ukiiwasha pua yake inatoka, inatoka, inatoka. Nilimshika mama mkono mpaka ufukweni. Maji yalikuwa yamekupwa na wanawake wa mwani wako mbali kule mashambani kwao, madoa matupu. Nikavuta, nikapiga, nikamsogezea mama kile kioo cha nyuma karibu na jicho.

Alikisogeza kushoto na kulia. Kisha akapiga ukelele: "Hee! Huyu si shoga yangu huyu! Na kanga aliyojifunga ni yangu, nilimwazima, hajanirudishia mpaka leo!"

Tulicheka mpaka tukakaa mchangani. Mama akataka tena. Nikamvutia watu waliokuwa wakisubiri kuvuka kwenda Chole, nikamvutia kunguru, nikamvutia mtoto anayepigwa na mama yake kwa kuloa nguo. Kila kimoja alikipokea kama mtu anayerudishiwa mali yake. Siku ile ile akawatangazia wote waliokuja kumjulia hali kwamba mwanawe ananunua kamera ya kuvuta, na neno likawa limeshatoka.

Mimi sikutulia. Harusi haipigwi ufukweni. Chumba cha bibi harusi hufungwa madirisha yote, na juu ya madirisha hutundikwa kanga na mashuka, mwanamume anayepita nje asichungulie. Jua la mchana linawaka nje, ndani watu wanakanyagana vidole kwa giza. Na somo wa mdogo wangu, Mungu ampe umri, ana roho ya askari. Flashi haitaki, anaiita radi, anasema inamfumbisha mwali macho. Na mtu hasogei. Kwa kuogopa kijicho, bibi harusi wake hutazamwa kwa mbali, na mwenye kamera huwekwa mlangoni.

Kwa hiyo kabla sijarudisha kamera ya watu, nilimkalisha mdogo wangu chumbani, nikafunga dirisha, nikatundika kanga, nikasimama mlangoni nikavuta uso wake. Picha ikatoka chenga tupu. Macho mawili meusi, mdomo, na vingine vyote vimemeguka kama mkate wa juzi. Nikaegemea mlango mkono usitikisike, nikabana pumzi, nikarudia. Chenga. Nikampelekea mama hivyo hivyo, bila kumwambia ni nani.

Aliisogeza mpaka kope zikagusa kioo. "Nani huyu?"

"Mtazame vizuri, mama."

"Si ndiyo namtazama. Mke wa mjomba wako?"

Mdogo wangu alikuwa amesimama pale pale. Aligeuka akatoka uani. Nilipomwambia mama ni nani, alishtuka, akasema basi mimi ndiye niliyeipiga vibaya, mbona ya ufukweni ilitoka? Nikakaa nikamweleza. Kamera hizi ndogo zinazovuta sana, kile kisahani cha ndani kinachopokea mwanga ni kidogo kama ukucha. Juani kinashiba, gizani kinalala njaa. Ziko nyingine ambazo sahani yake ni kubwa, gizani zinaona. Lakini lenzi inayokuja nayo ni fupi, haivuti mbali. Unaweza kuichomoa ukaweka nyingine ndefu, ukiwa na uwezo wa kuinunua hiyo nyingine, na mimi sikuwa nao.

"Sasa hiyo fupi utampigaje," mama akauliza, "na somo haruhusu mtu kusogea?"

Swali hilo nalo! Ndilo lililokuwa linanikera tangu mwanzo, nikamjibu kwa ukali kwamba kila mtu abaki na kazi yake.

Siku ya kununua, ndugu yangu alipiga simu akiwa dukani Kariakoo. Haraka ilikuwa imemkaba. Vyombo na vitambaa vya harusi vilikuwa tayari ndani ya gari la kwenda Nyamisati kuwahi boti, dereva anapiga honi, na mwenye duka anataka kufunga aende kuswali Ijumaa. Boti ya baada ya hiyo ingetukuta harusi imekwisha. Mimi niko barazani, simu imekufa spika ya sikioni kwa hiyo nimeiweka sauti ya nje, mama kakaa pembeni yangu, na majirani wawili wanachagua mchele wa shughuli. Mchele ulisimama, masikio yakafanya kazi.

"Dada, ziko mbili mezani," alisema. "Bei zinakaribiana. Hii ya kwanza, wallahi, inavuta mpaka madoa ya mwezi! Nimesoma nayo kibao cha duka la ng'ambo ya barabara. Hii ya pili wenyewe wanaiita mirrorless, sijui haina kioo ndani. Lenzi fupi. Nimemtazama nayo mtu wa ng'ambo, nimemwona mdogo vile vile alivyo."

"Mwambie inayovuta," mama alisema.

"Dada, mama anasema inayovuta."

"Nimemsikia, mimi si kiziwi! Mwambie mwenye duka azime taa."

"Azime nini?"

"Taa! Azime taa, ashushe na mlango. Umpige yeye mwenyewe sura kwa zote mbili, halafu uniambie."

Tulimsikia mwenye duka akiuliza kama dada huyo ni mzima. Tukamsikia ndugu yangu akimbembeleza. Mlango wa bati ukashuka kwa kishindo, tukasikia kamera zikilia.

"Haya," ndugu yangu alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Hii inayovuta ina chenga, dada. Nyingi."

"Na ya pili?"

"Ya pili namwona mpaka mvi za ndevuni."

"Sina mvi mimi," sauti nyingine ikasema.

Majirani wakaangua kicheko. Mama hakucheka. "Na umempiga ukiwa umesimama wapi?" akauliza.

Ndugu yangu alisita. "Hapa hapa, mama. Pua kwa pua."

"Umesikia?" mama akanigeukia. Alisema pole pole, na mama yangu akisema pole pole ujue amefika mwisho. "Utasimama mlangoni na kamera isiyofika. Nitakosa yote. Hata hizo chenga mnazozisema, nitazikosa."

Honi ikalia kwenye simu. "Dada, amua! Gari linaondoka!"

Nikikosea hakuna kurudia. Mtoto haolewi mara ya pili kwa ajili ya picha, na macho yale hayamngoji mtu. Ya kuvuta ilikuwa inafika na haioni. Ya pili inaona na haifiki. Nikajiambia kwamba kamera siwezi kuipa macho, lakini mimi mwenyewe nina miguu. "Lete isiyovuta," nilisema.

Mama aliinuka, akapapasa ukuta mpaka mlangoni. "La kuvunda halina ubani," alisema, akaingia ndani. Majirani wakarudi kwenye mchele kama hawakusikia kitu.

Mama yangu akinuna hununa kwa adabu. Hakunisusia chakula, hakunitukana. Alizungumza nami kupitia kuku. "Nyie kuku, mwambieni mwenye kamera yake chai inapoa." Nami nikawaambia kuku nashukuru. Kamera ilipofika niliifungua peke yangu, nikajizoeza stoo, mlango nimefunga, nampiga paka na masufuria. Picha zilitoka safi, naona hadi masizi. Lakini nikirudi nyuma mpaka mlangoni, paka anakuwa nukta. Nilianza kuona kwamba huenda mama amesema kweli, na hilo lilinitia hasira zaidi.

Asubuhi ya harusi mama alitunga kikuba yeye mwenyewe, asumini na rehani, kwa vidole vitupu, hatazami. Alipomaliza akaniita mimi, si kuku. "Mpe somo amvike," alisema. "Nataka nikione kimekaaje."

Nilikipokea kwa mikono miwili, nikakipeleka kwa somo.

Baada ya Alasiri chumba kilijaa. Wanawake wamebanana mpaka ukutani, manukato na jasho, feni moja inazunguka kwa uvivu. Mdogo wangu amekaa kwenye mkeka katikati, kafunikwa shela ya kijani, kainama. Somo atamfunua, ataimbiwa kidogo, atafunikwa tena, basi, ndiyo imetoka. Nilijibanza pale mlangoni nilipowekwa. Mara umeme ukakatika.

"Toba!" watu wakasema. Wengine wakawasha tochi za simu, somo akawarukia: "Zima! Zima zote! Nani anajua nani anarekodi?" Ikaletwa taa moja ya chemli, ikawekwa karibu na mkeka. Nikainua kamera. Mdogo wangu alikuwa kijidude cha kijani mbali huko, na vichwa vya watu mbele yake. Nikaanza kupenya.

"Rudi," somo alisema.

"Shikamoo, somo. Naomba nisogee kidogo tu."

"Marahaba. Hapo hapo panakutosha."

"Hapanitoshi. Kamera hii haivuti."

"Ungenunua inayovuta."

Chumba kizima kikacheka. Nani Utende alikuwa hajui? Siku nyingine yoyote ningemjibu jibu la kumfaa, tungetolewa nje mimi na kamera. Nikamfikiria mama kwenye kigoda chake uani, anasikiliza vigelegele ajue shughuli imefika wapi. Nikashusha kamera.

"Somo, nani anayeruhusiwa kusogea?"

"Mimi na mwenye chetezo."

Chetezo kilikuwa miguuni kwa shangazi yetu mkubwa, amekaa chini kaegemea ukuta, makaa yamekolea, udi uko kwenye kijisahani. Yeye ndiye wa kumfukiza bibi harusi akifunuliwa. "Basi nipeni mimi chetezo," nilisema. "Nitafukiza mimi."

Somo alinitazama juu mpaka chini. "Chetezo hushikwa na mwanamke aliye ndani ya ndoa yake. Wewe umerudi kwenu."

Aka! Hata waliokuwa wakicheka walitazama chini. Mtu mmoja akajikohoza. Iliniuma, sitasema haikuniuma. Nilisimama pale mbele ya wanawake wa mji mzima, uso unawaka, na somo mkono wake umeshashika ncha ya shela.

"Kweli nimeachika," nilisema. "Lakini mama yangu yuko uani anangoja kumwona mtoto wake, na hana macho mengine ila haya niliyoyashika mkononi. Mkinifukuza mimi, mnamfukuza yeye."

Kisha shangazi akaguna. "Mimi ndoa ninayo," alisema, "magoti ndiyo sina. Nani ataniinua? Njoo hapa we mwana, uwe gongo langu. Au siku hizi na gongo nalo huulizwa limeolewa wapi?"

Kicheko kikalipuka, mara hii si cha kunicheka mimi. Somo aliuma mdomo. Alimtazama shangazi, akanitazama mimi, akamtazama shangazi tena. Kumkatalia mtu mzima yule mbele za watu ingekuwa aibu yake. "Gongo halina mdomo," alisema. "Lisitoe neno."

Sikutoa. Nilimwinua shangazi kwa mkono wa kushoto, uzito wote kaniegemea mimi, chetezo mkononi mwake, kamera mkononi mwangu wa kulia. Tukaenda polepole, watu wanatupisha magoti, mpaka tukafika kwenye mkeka, mimi na mdogo wangu hatukuachana hata hatua mbili. Somo akafunua. Vigelegele. Moshi wa udi ukanipanda machoni, machozi yananitoka, sioni kitu, nabonyeza tu. Mdogo wangu kainamisha macho kama alivyofundwa. Nikamwomba Mungu. Mtoto akanyanyua macho mara moja, akanitazama, nikabonyeza.

"Macho chini!" somo akamkemea, akamfunika.

Nilimrudisha shangazi ukutani kwake nikatoka mbio. Uani mama alikuwa kakaa karibu na sufuria la pilau, kichwa kakiinua kusikiliza. Alijua hatua zangu. Akanyoosha mikono yote miwili kabla sijasema kitu.

Nilimkuzia picha, nikamwekea karibu na jicho. Alianza chini. Mikono yenye hina. Kikuba. "Kimekaa upande," alisema. Nikasema ndiyo, mama, kimekaa upande. Akapanda kidevuni, mdomoni, kwenye kipini cha puani, pole pole, mimi nasogeza kidole naye anasogea. Alipofika machoni akasimama hapo.

"Ananitazama," alisema. Machozi yakamshuka, hakuyafuta. Hakusema kwamba nilichagua vizuri, wala mpaka leo hajasema. Alirudia picha ile tangu chini mpaka juu, kisha akashusha kamera mapajani.

"Na wewe?" akauliza.

"Mimi nini, mama?"

"Wewe umo wapi?"

"Mpigaji hayumo kwenye picha. Mimi si nipo nawe hapa kila siku?"

"Nakusikia kila siku," mama alisema. "Tangu urudi, sijakuona."

Niligeukia moto, nikasukuma kuni. Nilimfulia, nilimpikia, nilimtia matone ya dawa machoni asubuhi na jioni, uso wangu juu ya uso wake, na yeye macho kayafumba kungoja dawa. Haikuwahi kunijia hata siku moja kwamba na mimi nimo ndani ya ukungu ule.

"Kaa hapo penye mwanga," alisema. "Nionyeshe pa kubonyeza." Nikamwekea kidole kwenye kitufe, nikarudi nyuma nikajikalisha kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, jasho, kanga inanuka udi, macho mekundu. "Sogea," alisema. "Si umenunua isiyovuta?" Nikasogea. Ikalia. Picha ilitoka imelala upande, nusu yake sufuria.

Aliichukua akaipeleka jichoni. Alikwenda polepole kuliko alivyokwenda kwa bibi harusi. Paji la uso, macho, shavu hili, shavu lile, shingo. Huko ndani walikuwa wanaanza kumtoa mdogo wangu, vigelegele vinakuja upande wetu, na mama hakugeuza kichwa.

"Umekonda," alisema. "Mbona hukuniambia?"

Nikamwambia pilau inaungua.